Kamera Imekuwa Nafuu, Jasho Je?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyetufikia sisi wakazi wa Hasamba, kama alivyowafikia wananchi wenzetu wa Vwawa, Mlowo na Tunduma, ni zana za kidijitali. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana anayechuma kahawa katika wilaya yetu ya Mbozi yaweza leo kupiga picha za sinema, kunasa sauti, kuunganisha vipande vya mchezo na kuupeleka mchezo huo hadi Mombasa, Lubumbashi na Muscat kabla jua halijatua. Zamani kazi hiyo ilihitaji shirika zima la umma lenye mitambo, mafundi na fedha za kigeni. Mgeni amefika, na kwa hakika ni mgeni mwenye baraka. Swali ninalotaka tulijadili kwa uwazi katika safu hii ni hili: je, mwenyeji amepona?

Wako ndugu zetu wengi wanaojibu upesi kwamba amepona. Wanasema kwamba sasa kutengeneza filamu hakuna gharama, kwamba kila kijana mwenye simu ni mtengenezaji wa sinema, na kwamba anayeshindwa leo hana wa kumlaumu ila uvivu wake. Maneno haya yanavutia masikioni, lakini yana upungufu mkubwa. Ukweli wao ni nusu tu, na nusu ya ukweli ikiachwa itembee peke yake huweza kumpoteza mtu kuliko uongo. Hatuna budi kuupima ukweli huo wote kwa mizani moja.

Tuanze na ile nusu ya heri. Katika sinema ya zamani ya ukanda wa milimita 35, mashine ilipitisha picha 24 kwa kila sekunde, na ukanda uliotumika kwa dakika moja ulikuwa na urefu wa futi 90. Kwa hiyo mchezo wa saa moja na nusu ulikuwa na urefu wa futi 8,100 ulipokwisha kukamilika. Lakini hakuna mpiga picha anayepiga kila tendo mara moja tu likawa jema. Akipiga mara tano ili achague moja, tayari ametumia zaidi ya futi 40,000. Gurudumu moja la ukanda wa futi 1,000 lilidumu kwa muda wa dakika 11 hivi, basi msomaji na ahesabu mwenyewe ni magurudumu mangapi yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni kabla ya senti moja kuingia. Baada ya hapo ukanda wa rangi mara nyingi ulisafirishwa ng'ambo kusafishwa, na wapiga picha walisubiri kwa wiki kadhaa kujua kama walichokipiga kimeonekana au kimeungua.

Leo kadi ya kumbukumbu ya GB 64, ambayo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, huweza kubeba karibu saa nane za picha safi za kawaida. Zikiwa mbaya hufutwa, na kadi ile ile ikatumika tena kesho. Jambo lililobadilika hapa ni kubwa kuliko bei ya ukanda. Kilichoshuka hasa ni bei ya kukosea. Zamani kijana asiye na mafunzo hakuweza kuruhusiwa kujifunza kwa kukosea, maana kila kosa lake lililipiwa na taifa. Leo anaweza kukosea mara mia moja kwa siku, akaangalia kosa lake papo hapo, akalisahihisha. Mkulima anajua maana ya jambo hili, kwa sababu hakuna aliyejifunza kukata matawi ya mibuni bila kuharibu mti hata mmoja. Hiyo ndiyo neema ya kweli ya zana hizi, na mtu anayeibeza hana shukrani.

Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba hii si mara ya kwanza sinema kushuka bei katika nchi yetu. Mwaka 1935 wakoloni wa Kiingereza walianzisha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Mradi huo ulidumu hadi mwaka 1937, na sehemu kubwa ya fedha zake zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Ili kupunguza gharama, waliutumia ukanda mwembamba wa milimita 16 badala ya ule wa 35, na sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri. Wakafaulu kutengeneza filamu nyingi kwa fedha kidogo, na gari likazizungusha vijijini. Lakini urahisi ule ulikuwa wa nani? Mwafrika aliigiza, Mwafrika akatazama, na Mzungu akaamua kipi kiigizwe na kipi kitazamwe. Kushuka kwa gharama peke yake hakukumwondoa mtu yeyote utumwani.

Baada ya Uhuru taifa letu lilichukua njia nyingine. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ikiwa chombo cha umma, na baadaye ikakabidhiwa jukumu la kuingiza na kusambaza filamu nchini. Wazo lililokuwamo ndani ya uamuzi huo lilikuwa la busara: fedha inayolipwa mlangoni na mfanyakazi anayetazama filamu ya kigeni irudi isaidie kutengeneza filamu ya nyumbani. Kutokana na juhudi hizo zikapatikana kazi kama Fimbo ya Mnyonge, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1970, na Harusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na wageni. Kazi zenyewe hazikuwa nyingi. Ukanda ulikuwa ghali, fedha za kigeni zilikuwa haba, na hali ya uchumi wa miaka ya 1980 ikawa ngumu kwa kila shirika. Lakini somo lake moja lisitupwe pamoja na kasoro zake: waasisi wale walielewa kwamba anayeshika njia ya kumfikia mtazamaji ndiye anayeishika sinema yenyewe.

Kisha ukaja mkanda wa video. Huko Nigeria mwaka 1992 mfanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa mchezo wa Living in Bondage kwa kanda za video, bila kupitia jumba la sinema, na kutokana na mfano huo likazuka soko kubwa ambalo dunia nzima inalijua. Kwetu wimbi hilo lilifika kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mchezo wa Girlfriend ulitoka mwaka 2003, ikafuata michezo mingi iliyopigwa kwa kamera ndogo, na baada ya miaka michache nyota kama marehemu Steven Kanumba wakawa wanajulikana katika kila kaya. Alipofariki tarehe 7 Aprili, 2012, umati uliofurika katika mazishi yake jijini Dar es Salaam ulidhihirisha jinsi wananchi walivyoipenda sinema inayosema lugha yao.

Lakini katika miaka ile ile ya shangwe, mtengenezaji wa filamu alikuwa na desturi ya kwenda kwa msambazaji wa Dar es Salaam, kupokea malipo ya mara moja, na kumwachia filamu pamoja na haki zake zote. Sisi tunaolima kahawa tunaifahamu desturi hiyo kwa jina lingine. Ni kuuza kahawa ingali mtini. Ndugu zetu wa Kagera huiita butura. Mwenye shida ya ada ya shule hupokea fedha kidogo mwezi wa tatu, na msimu wa kuvuna ufikapo anavuna mali ya mtu mwingine kwa mikono yake mwenyewe. Serikali imepiga vita butura kwa sababu ni unyonyaji. Je, yule aliyeuza filamu yake pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, kisha akaiona ikichezwa kwa miaka kumi bila kupata hata senti, hakuuza kahawa ingali mtini?

Hivyo basi historia inatufundisha jambo moja bila kuficha. Mara tatu zana za sinema zimeshuka bei: kwa ukanda mwembamba, kwa mkanda wa video na sasa kwa simu. Mara mbili za kwanza faida ya kushuka huko haikubaki mikononi mwa aliyetoa jasho, bali ilikimbilia kwa aliyeshika njia ya kupita. Sisi wa Songwe hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Tunaishi kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia na kando ya reli ya TAZARA. Tunajua kwamba kupitiwa na mali na kufaidi mali ni mambo mawili tofauti.

Sasa tuitazame njia ya leo. Pale Tunduma, kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Zambia kilifunguliwa Oktoba 2019 ili kupunguza foleni za malori. Kila gunia na kila pipa lina hati yake. Lakini filamu ya kijana wa Mbozi huvuka kwenda Nakonde ndani ya kadi ya kumbukumbu mfukoni mwa abiria, na filamu za kigeni, zenye sauti ya mtu anayezisimulia kwa Kiswahili, hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hakuna aliyelipwa upande huu wala upande ule, isipokuwa mwenye duka aliyezinakili. Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Hakimiliki ilitungwa mwaka 1999. Stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini stempu ilibandikwa kwenye jalada la diski, na diski yenyewe imekwisha kuondoka sokoni. Anayenakili leo hana jalada la kubandikwa kitu.

Watu watasema: mwache kijana aiweke filamu yake kwenye mtandao, dunia nzima itazame, naye alipwe. Tufanye hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Sharti la kawaida la YouTube ili mwenye kituo aanze kupata mgao wa matangazo ya filamu zake ni kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12. Saa 4,000 maana yake ni kwamba filamu ya saa moja itazamwe yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mara 4,000. Akifika hapo, hajalipwa kwa saa hizo. Amefunguliwa mlango tu. Na kila mmoja wa watazamaji hao, kama yuko Hasamba au Mlowo, ametumia kifurushi chake cha intaneti kwa muda wa saa nzima. Kampuni ya simu imelipwa tangu dakika ya kwanza. Mwenye mtandao aliyeko ng'ambo anasubiri mapato ya tangazo. Aliyeandika mchezo, aliyeigiza na aliyeshika kamera wanasimama mwisho wa foleni.

Linganisha na jambo hili. Tuseme watu 4,000 hao hao wanaitazama filamu hiyo katika ukumbi wa kijiji, watu 100 kwa usiku mmoja, kwa usiku 40, katika vijiji mbalimbali vya wilaya. Na tuseme kila mmoja analipa shilingi 500 mlangoni, bei ambayo hata mwanafunzi aweza kuipata. Mapato yake ni shilingi 2,000,000. Zitoke humo gharama za umeme, usafiri na mtambo wa kuonyeshea, na bado kitabaki kitu ambacho watu wanaweza kukaa chini na kukigawana. Sisemi tuutupe mtandao. La hasha! Nasema kwamba mtandao umeondoa gharama kwenye bega la mtengenezaji na kuihamishia kwenye bega la mtazamaji, na katika kuhama huko fedha imepita mikononi mwa watu ambao hawakuandika hata neno moja la mchezo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanisumbua zaidi, nalo ni jasho. Vijana wetu wanapojisifu kwamba wametengeneza filamu bila gharama, yafaa tuwaulize: nani hakulipwa? Chukua kikundi cha vijana 12 wanaopiga filamu kwa siku 10. Hizo ni siku 120 za kazi. Kila msomaji na azidishe siku hizo kwa ujira wa kibarua wa siku moja shambani katika eneo lake, naye ataiona gharama halisi ya ile filamu inayosemekana kuwa ni ya bure. Aongeze chakula kilichopikwa na mama wa mmoja wao, nguo zilizoazimwa, nyumba iliyotumiwa kwa mandhari na pikipiki ya jirani iliyobeba watu. Gharama ilikuwapo, na ilikuwa kubwa. Tofauti ni kwamba haikuandikwa popote, na deni lisiloandikwa hulipwa na mnyonge.

Ndipo tunapoona hatari yenyewe. Filamu hiyo ikipata bahati na kupendwa, jina linalojulikana ni moja, na akaunti inayopokea fedha ni moja, yaani ya mwenye simu. Wale kumi na mmoja waliobaki huambiwa kwamba walikuwa wanasaidia tu, au kwamba wamepata umaarufu. Umaarufu hauli wala hauvai. Kwa namna hiyo zana iliyotazamiwa kumkomboa mnyonge kutoka kwa msambazaji wa mjini inamzaa mnyonyaji mdogo kijijini, tena miongoni mwa ndugu na marafiki. Binti aliyeigiza kama mama mjane kwa siku 10 anarudi shambani mikono mitupu, na mwaka unaofuata akiombwa tena anakataa. Wazee wakimwona amekataa, wanasema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Ukweli ni kwamba alijitolea, wengine wakajichukulia.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukumbusha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Kwamba ili tuendelee twahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ukiitafakari sinema ya gharama ndogo utaona kwamba imelithibitisha jambo hilo kuliko kazi nyingine yoyote. Watu tunao. Ardhi tunayo, yenye milima, mibuni, ukungu wa mwezi wa saba, na hata kile Kimondo cha Mbozi ambacho wageni husafiri kutoka mbali kuja kukitazama. Zana nazo sasa tunazo. Kilichopungua ni utaratibu, yaani namna ya kujipanga ili jasho lilipwe kwa haki. Na utaratibu hauuzwi dukani pamoja na simu.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha mfano mmoja. Katika mtaa wa Wakaliga, jijini Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza mwaka 2010 mchezo wa mapigano uitwao Who Killed Captain Alex?, kwa fedha ambazo kwa maelezo yao hazikufikia dola 200 za Kimarekani, wakitumia kompyuta iliyoungwaungwa kwa vipuri vikuukuu. Dunia ilicheka kwanza, halafu ikashangaa, halafu ikaheshimu. Lakini wengi waliosifu mchezo ule walitazama milipuko ya bandia na kusahau jambo la maana zaidi: waigizaji wenyewe ndio waliotembeza diski nyumba kwa nyumba, wakauza kabla wanakilishaji hawajawahi, na kupata sehemu yao ya kila diski waliyouza. Aliyeigiza alijua bei, alijua idadi, alijua fungu lake. Kilichowadumisha ni mgawo kuliko kamera.

Basi napendekeza mambo manne, ambayo hakuna hata moja linalongoja msaada kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila kikundi cha filamu kiandikiane mkataba kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Usiwe mkataba wa kizungu wenye kurasa ishirini. Karatasi moja ya Kiswahili safi yatosha, yenye majina ya wote, kazi ya kila mmoja, siku alizofanya, na fungu lake katika kila shilingi itakayoingia, iwe ya ukumbini, ya televisheni au ya mtandao. Mtendaji wa kijiji ashuhudie na kupiga muhuri. Siku zikiandikwa, deni linajulikana; na deni linalojulikana ni vigumu kulidhulumu.

Pili, vikundi hivi visiishie kuwa makundi ya marafiki, bali vijiunge katika vyama vya ushirika kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Sisi wakulima wa Mbozi tunavyo vyama vyetu vya msingi, na pamoja na kasoro zake zote hakuna mkulima mwenye akili timamu anayetaka kurudi kwenye zama za kila mtu kumkabili mlanguzi peke yake. Kwa nini msanii akabiliane peke yake na msambazaji, na kampuni ya simu, na mtandao wa kigeni? Chama chenye filamu 30 za wilaya nzima kinaweza kukaa mezani na kituo cha televisheni na kusikilizwa. Kijana mmoja mwenye filamu moja atasubiri nje ya geti.

Tatu, halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imezoea kwenda kwenye bodaboda, kuku na cherehani, nayo ni mambo mema. Lakini mtambo mmoja wa kuonyeshea picha ukutani, spika mbili na jenereta ndogo ni mtaji wa kazi kama cherehani ilivyo. Mtambo huo ukizunguka Hasamba, Igamba, Iyula na Itaka kwa zamu, utarudisha mkopo wake, na utakuwa umerudisha pia lile gari la sinema la zamani, isipokuwa safari hii anayeamua kipi kionyeshwe ni mwananchi mwenyewe. Ofisi za vijiji, madarasa wakati wa likizo na maghala ya vyama vya msingi wakati hayana mazao, yote yanaweza kuwa kumbi.

Nne, baadhi ya watendaji wabadili mtazamo wao. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kazi ziwe na vibali na zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa, na hakuna anayebisha kwamba watoto wetu wanahitaji kulindwa. Lakini sheria iliyotungwa wakati filamu chache zilipotengenezwa na shirika la umma yahitaji utekelezaji wenye macho mapya wakati kila kata ina kikundi. Kibali na kipatikane karibu na mwananchi, kwa ada inayolingana na uwezo wa kikundi cha kijiji, na kwa muda wa siku chache. Afisa anayemzungusha kijana kwa miezi hamzuii kutengeneza filamu. Anamfundisha kuitengeneza kwa kujificha, na aliyejificha hawezi kudai haki yake akinyang'anywa.

Najua patakuwa na wapinzani wa maoni haya. Mmoja atasema kwamba mikataba na ushirika vitaua ule moyo wa kufanya kazi kwa furaha. Namjibu kwamba moyo huo unauawa na dhuluma, na msingi wake ni haki. Mwingine atasema kwamba filamu za vijijini hazina ubora, picha zinatikisika na sauti inapotea katika upepo. Ni kweli, nyingi ndivyo zilivyo. Lakini ubora hutokana na mtu kurudia kazi, na mtu hurudia kazi inayomlisha. Watanzania wamekwisha kuonyesha kwamba uwezo upo: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa mwaka 2021 katika tamasha la Toronto nchini Kanada, na Binti ya Seko Shamte ilitoka mwaka huo huo na baadaye ikaingia Netflix. Kazi hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zimetoka kwa watu waliopata nafasi ya kukosea, kujifunza na kufanya tena.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na sinema wakati kuna barabara, mbolea na zahanati. Ni swali la haki. Lakini kila jioni mtoto wa Hasamba anatazama filamu, tupende tusipende. Ikiwa haitakuwa yetu itakuwa ya wengine, naye atakua akijua mitaa ya Seoul na Lagos kuliko njia ya kwenda kisimani kwa bibi yake. Atajua mashujaa wa watu wote isipokuwa wa kwao. Kiswahili chetu, ambacho husikika tangu Lamu hadi Lubumbashi, ni soko tulilorithi bure. Haifai tuligeuze kuwa soko la kuuzia kazi za wengine tu.

Ndugu wasomaji, mgeni ameingia nyumbani na mzigo wake ni wa thamani. Kupona kwa mwenyeji hakutokani na ujio wa mgeni peke yake; kunategemea jinsi mwenyeji alivyoipanga nyumba. Vijana wa Hasamba, na wa kila kata nchini, kabla hamjawasha kamera ya filamu yenu ijayo, tafuteni karatasi na kalamu. Andikeni majina yenu wote, tangu mwandishi hadi aliyechota maji ya kunywa. Andikeni siku zenu. Andikeni mafungu yenu. Kisha pigeni picha.